Mume anataka nimsindikize Guangzhou wiki moja, mtoto bado ananyonya, nimwache au niende nae?

Mama_Wawili_Tabata

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo yenu maana usingizi umenipaa. Mume wangu ana duka la vyombo vya nyumbani Kariakoo, masufuria, hotpoti, seti za vikombe, vitu hivyo. Siku zote anaagiza kupitia watu ila mwaka huu kaamua aende mwenyewe kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara ya Oktoba pale Guangzhou China, Canton Fair, awamu ya pili ile ya tarehe 23 mpaka 27 ndo yenye vyombo vya jikoni, alafu azunguke masokoni siku mbili tatu ndo arudi. Sasa anataka twende wote. Anasema we ndo unajua wamama wanataka nini, na ni kweli maana dukani yeye anaangalia bei mi naangalia mfuniko unafungaje na mshikio utavumilia au utang'oka. Nimefurahi jamani siwezi kuficha, mi nje ya nchi nimevuka Namanga tu basi.

Shida ni watoto. Mkubwa ana miaka minne yuko chekechea, mdogo ana mwaka na miezi miwili na bado ananyonya, usiku ndo kabisa, bila ziwa halali. Mama yangu yuko Morogoro amekubali kuja kukaa nao, na dada wa kazi yupo, ni mtu mzima na watoto wamemzoea. Ila mama mkwe kasema mtoto anayenyonya haachwi, ama nimbebe ama nibaki. Mume anasema nitakachoamua yeye ataridhika. Sasa nimwachishe ziwa kabla ya safari? Nimbebe? Au niache tu aende peke yake? Na mliofika huko mnaongeaje na nyumbani, nasikia WhatsApp haishiki kabisa. Majibu ya upendo tafadhali.

Fundi_wa_Kontena

Dada hongera, mumeo ana akili sana kukutaka uende. Mi ni mfanyabiashara, nimeenda hayo maonyesho na nakwambia kuhusu mtoto tu, mengine wamama watakushauri. Usimbebe. Pale Pazhou ukumbi ni mkubwa kupita unavyofikiria, unatembea toka asubuhi mpaka jioni, jengo hadi jengo, ghorofa hadi ghorofa, na kila banda unasimama kuuliza bei, oda ya chini ni katoni ngapi, malighafi ni stili gani, nembo yetu wataiweka, siku ngapi mpaka mzigo ufike bandarini kwao. Mtoto wa mwaka mmoja mgongoni atachoka, atalia, na wewe utaishia hotelini na mtoto huku mumeo yuko peke yake kwenye mabanda, yani mmelipa nauli, viza na pasi ya mtoto alafu ile sababu ya wewe kwenda haipo tena. Kweli mtoto chini ya miaka miwili nauli ni ndogo, kwa kawaida kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima akikaa mapajani, ila hesabu ya safari haiishii kwenye nauli.

Alafu ukienda usiende kama msindikizaji. Jisajili mtandaoni kwa jina lako upate kitambulisho chako cha mnunuzi, na barua ya mwaliko ya viza kila mtu aombe yake mapema. Mke akiwa na kitambulisho chake mnaweza hata kugawana, yeye huku ya sufuria wewe kule ya vikombe mnakutana mchana. Na wauzaji wakiona unafungua na kufunga mfuniko mara ishirini wanajua huyu mteja yuko siriaz, bei inaongeleka.

Nesi_wa_Kliniki

Mpendwa, mi ni nesi kliniki ya mama na mtoto, ngoja niseme kuhusu ziwa. Tafadhali USIMWACHISHE ghafla kwa ajili ya safari ya wiki moja. Ukikata ghafla maziwa yanajaa, yanauma, unaweza kupata uvimbe na homa uko ugenini, na mtoto nae anapoteza mama na ziwa kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, kwaio una muda bado, safari sio lazima iwe mwisho wa kunyonya.

Mtoto wa mwaka na miezi miwili anakula chakula cha nyumbani, kwaio hatakufa njaa mama, hilo ondoa moyoni kabisa. Ugali laini, ndizi, mboga iliyopondwa, mayai, dagaa, maharage, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa kwa kikombe. Kinachomsumbua ni usiku tu, maana kwake ziwa la usiku ni kubembelezwa zaidi kuliko kushiba. Kwaio anza sasa hivi, una wiki kadhaa, usiku mmoja mmoja bibi au baba ndo amlaze, ambebe, amwimbie, ampe maji kwa kikombe. Atalia. Ila atalia wewe upo chumba cha pili, sio upo angani, na hapo mtajua nini kinamtuliza.

Ukitaka kumwachia maziwa yako kamua kidogo kidogo uweke friza, andika tarehe. Kwenye friji yasizidi siku nne, yakishayeyuka toka friza yatumike ndani ya masaa 24 na hayarudishwi tena kugandishwa. Na kwa joto la Dar usiyaache mezani, umeme ukikatika muda mrefu bora yamwagwe. Wewe huko ukamue kila yanapojaa, kwa mkono au beba pampu ndogo, hata kama unayamwaga, ndo yanabaki. Usisubiri mpaka yawe mawe. Ukirudi mpe tu, wengine wanarudi ziwani saa hiyo hiyo wengine wananuna siku mbili, usimlazimishe, mkae nae ngozi kwa ngozi atarudi.

MamaAisha_Tanga

Asante nesi umesema vizuri sana. Mi niliondoka na baba Aisha wakati binti ana umri huo huo wa mdogo wako, bibi yake ndo alibaki nae. Kilichonisaidia ni kwamba bibi alihamia kwetu mapema, sio anafika jioni mimi naondoka asubuhi. Mpaka siku ya safari mtoto alikuwa anamfuata bibi jikoni mwenyewe. Na watoto wabaki nyumbani kwao, kitanda chao, shule yao, sio uwapeleke Morogoro, kila kitu kisibadilike kwa mpigo.

Huyo mkubwa usimsahau jamani, wote tunaongelea mdogo, ila wa miaka minne ndo anaelewa kwamba umeondoka. Mwambie ukweli, usitoroke akiwa amelala. Mwambie utapanda ndege na baba, utalala huko, utarudi, bibi atakupeleka shule. Mwalimu wake aambiwe nani atamchukua na majina yaandikwe shuleni, siku hizi ni muhimu mno.

Mama mkwe usigombane nae. Muombe awe anakuja kuwaona wikiendi, na wala usifanye hivyo kwa kumridhisha tu, mama yako atahitaji mtu wa kumpokea.

Bibi_wa_Wajukuu

Mwanangu shikamoo nimeipokea ingawa hukunipa. Mimi ni bibi, nimeachiwa wajukuu, naomba niseme upande wetu maana watu mnaongea kama bibi hachoki. Mimi naunga mkono uende. Mke na mume wakitafuta pamoja ni jambo la heri, na mama yako kama amekubali kwa moyo wake mshukuru Mungu. Ila usimwachie mama yako watoto NA duka NA mafundi wa choo NA mtu wa kudai kodi. Watoto tu. Duka mtafutieni mtu wake.

Muachie pesa taslimu ya kila siku na nyingine pembeni ya dharura, asiwe anakupigia China kuomba hela ya nyanya. Kadi za kliniki za watoto, kadi za bima, na barua mmesaini wote wawili kwamba anaruhusiwa kuwapeleka hospitali na kukubali matibabu. Umwonyeshe hospitali ipi na bodaboda au teksi ipi mnaiamini, yeye ni mtu wa Morogoro huko Tabata hapajui usiku. Mtoto akipata homa usiku asikae anajiuliza, aende. Na mjukuu ana dawa gani, nini kinamdhuru, andika kwa herufi kubwa bandika kwenye friji, macho yetu sio ya zamani.

Na jambo la mwisho mwanangu, ukipiga simu usianze kulia. Ukilia na mtoto analia, alafu unakata simu, mimi ndo nabaki nao usiku kucha.

Mkazi_Xiaobei

Nipo Guangzhou, ngoja nijibu la simu. WhatsApp, Google, Facebook na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya huku, wifi ya hoteli ni hivyo hivyo. Njia rahisi ni mje na laini ya nyumbani mmeiwasha kutumika nje na mmenunua bando la nje kabisa, hiyo data inapita kwa mtandao wa nyumbani kwaio WhatsApp inafunguka. Au mweke WeChat, ndo kama WhatsApp ya Wachina, kwenye simu ya dada au ya mama mapema mkiwa bado Dar, maana akaunti mpya mara nyingine inataka mtu mwingine mwenye WeChat aithibitishe, msisubiri mpaka mfike.

Masaa sasa. Huku tumewatangulia masaa matano. Ukisema utawapigia watoto wakati wa kulala saa mbili usiku, huku ni saa saba usiku umeshalala na miguu inawaka moto. Piga saa moja asubuhi ya Dar wakati wanakunywa chai, huku ni saa sita mchana mko mapumziko ya chakula. Au saa kumi na mbili jioni ya kwenu, huku saa tano usiku.

Pesa ya karatasi mtaitumia kidogo sana. Pakueni Alipay, ile app ya Kichina ya kulipia kwa simu, na muunganishe kadi ya Visa mkiwa nyumbani, na benki yenu muiambie ifungue malipo ya mtandaoni na ya nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada, yakizidi kuna asilimia 3. Kufika ukumbini ni treni ya chini ya ardhi laini namba 8, huku mtaani kwangu Xiaobei ni laini namba 5. Kama mnataka halali tafuteni vile vimgahawa vya tambi za kuvutwa kwa mkono, vya Waislamu wa Kichina, viko karibu kila mtaa na bei nafuu, na hapa Xiaobei vyakula vya Kiafrika vipo.

Mama_Wawili_Tabata

Jamani nimesoma yote nimelia nimecheka. Bibi shikamoo sana, naomba radhi, na hiyo ya kutolia kwenye simu nimeiandika. Nimeongea na mume, naenda na mdogo anabaki. Mama anakuja wiki mbili kabla, duka atakaa shemeji. Nesi jana usiku baba ndo kamlaza, kalia karibu saa zima alafu akalala kifuani kwake mpaka asubuhi, mi nilikuwa mlangoni nimeshika moyo. Leo tena.

Swali moja la mwisho kwa Mkazi, tukitaka kufika na Yiwu kuangalia vitu vidogo vidogo inawezekana ndani ya hizo siku?

Mkazi_Xiaobei

Inawezekana ila mi ningewaambia muache safari hii. Yiwu iko mkoa wa Zhejiang, mbali, kwa treni ya mwendo kasi inaondoka na siku nzima kwenda tu, na soko lenyewe haliishi kwa siku moja. Vyombo vya jikoni mtavimaliza hapa hapa. Mkilazimika kwenda kwa ndege basi angalieni pauabanki zenu, tangu Juni 2025 ndege za ndani ya China hazipokei isiyo na alama ya 3C, ile ya ubora na usalama ya China, wanaichukua pale pale kwenye ukaguzi. Hizo siku mbili tatu zitumieni kurudi kwa wale wauzaji mliowapenda mkaone kiwanda au stoo yao kabla ya kulipa chochote, vilivyo karibu wanawapeleka wenyewe kwa gari. Mwambie mumeo malipo ya awali asitoe pale bandani.

Fundi_wa_Kontena

Hapo kwenye malipo ya awali namuunga mkono mia kwa mia. Na dada beba mfuniko mmoja wa zile sufuria zinazorudishwaga dukani kwenu, uwaonyeshe ubovu kwa mkono.

Mama_Wawili_Tabata

Ninao wawili, nabeba wote.