Melk mpaka Krems kwa baiskeli na mama wa miaka 61, tupite ukingo upi wa Danube?

Kitinda Mimba
Habari za leo wakuu. Naomba ushauri wa waliowahi kuendesha baiskeli Austria. Mama yangu anakuja kunitembelea huku Ulaya mwezi wa tano, ana miaka 61, afya njema kabisa, na baiskeli anaijua kuliko mimi maana alikuwa mwalimu na miaka yote alienda nayo kazini. Ila kwa sasa ana kama miaka 10 hajaigusa. Mume wangu anataka tufanye ile njia ya mto Danube kutoka Passau mpaka Vienna, kama kilomita 320 hivi, mi naona tutamchosha mama bure. Nikasikia kuna kipande kinaitwa Wachau, kati ya Melk na Krems, chenye vijiji vya kale vimepangana mtoni. Sasa je, hicho kipande peke yake kinatosha kusafiria? Na kwa kuwa kuna njia pande zote mbili za mto, tupite kaskazini au kusini? Mama ni mtu wa kusimama, akiona ukuta wa zamani lazima aende auguse, kwa hiyo hatutafuti mazoezi hapa, tunatafuta siku nzuri ya kwenda pole pole.

Keria ya Nyuma
Dada yangu, chukua Wachau na usiwe na wasiwasi hata kidogo, hiyo ndo nyama yenyewe ya safari nzima. Melk mpaka Krems ni kama kilomita 36 hadi 40 kutegemea mnapozungukia, njia karibu yote tambarare, na mnashuka na mto. Upepo wa kule mara nyingi unatoka magharibi kwa hiyo unawasukuma mgongoni, ndo maana watu wengi wanaanzia Melk. Mkiwa wanyongaji wa taratibu ni masaa matatu ya kupiga pedali, lakini tengeni siku nzima, tena mkiweza lala njiani iwe siku mbili.

Kuhusu ukingo jibu langu ni zote mbili. Kaskazini ndo kuna vijiji vyenye majina, Spitz, Weißenkirchen, Dürnstein, lakini barabara kubwa ya magari nayo iko upande huohuo na kuna sehemu mnaenda nayo bega kwa bega. Kusini ni kimya, miti ya aprikoti na mizabibu, nyumba chache. Mimi nilianza Melk upande wa kusini, unapita Schönbühel ambapo kuna ngome imekaa juu ya mwamba mtoni kabisa, halafu chini ya magofu ya Aggstein ambayo yako juu sana huko mlimani, mita kama 300 toka mtoni (msipande na mama, yaangalieni kwa chini inatosha), mpaka Arnsdorf, hapo mnapanda kivuko mnavuka kwenda Spitz. Toka Spitz mnafuata kaskazini vijiji vyote mpaka Dürnstein, halafu kuna kiboti kinabeba watu na baiskeli kinawarudisha kusini Rossatz. Ukifika Rossatz geuka utazame ulikotoka, Dürnstein yote iko mbele yako na mnara wake wa bluu. Nilikaa pale kwenye nyasi nikasahau kabisa kwamba kuna treni ya kuwahi. Baada ya hapo ni Mautern, daraja, mko Krems.

Ila kabla hamjaondoka Melk pandeni kwenye ile abasia. Wamonaki wa Benedikto wako pale tangu 1089, jengo mnaloliona leo lilianza kujengwa 1702. Baiskeli acheni chini.

Mwl wa Historia
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila ameruka Willendorf na mimi siwezi kunyamaza. Mkishafika Spitz rudini nyuma kidogo, kama kilomita 5 tu upande wa kaskazini, kuna kijiji kidogo ambapo mwaka 1908 wakati reli inajengwa walichimbua kisanamu cha mwanamke cha jiwe la chokaa, urefu wake sentimita 11 tu, unakishika kiganjani, na kina umri unaokaribia miaka 30,000. Chenyewe kiko kwenye jumba la makumbusho Vienna na pale kijijini wameweka mfano wake. Watu wengi wanasema kwa nini niende kuona mfano. Mimi nasema nenda usimame pale mlimani uangalie mto, ujue kuna mtu alikaa hapohapo akauona mto huohuo. Kwa mama mwalimu hiyo haitapotea.

Halafu Dürnstein msipite tu mkapiga picha mkaondoka. Mfalme Richard wa Uingereza, yule wanayemwita Moyo wa Simba, alipokuwa anarudi kutoka vita vya msalaba alikamatwa karibu na Vienna Desemba 1192 na Duke Leopold wa Tano, akafungiwa hapo ngomeni. Waingereza walitozwa fedha nyingi mno za kumkomboa, na fungu la Leopold likaenda kujenga mji mzima, Wiener Neustadt. Ngome yenyewe ililipuliwa na Waswidi 1645, yamebaki magofu, kuipanda kwa miguu ni kama nusu saa na njia ina mawe, mama aamue mwenyewe. Mtaa wa Dürnstein ni mwembamba na meli za watalii zinashusha watu pale, shukeni mkokote baiskeli, na mkiweza fikeni asubuhi sana au baada ya saa kumi na moja jioni meli zikishaondoka. Ni kijiji kingine kabisa muda huo.

Passau Mpaka Mwisho
Naomba nimtetee shemeji kidogo. Mimi nimefanya Passau hadi Vienna kwa siku 8, kilomita 40 kwa siku, na mabegi yalikuwa yanabebwa na gari kutoka hoteli hadi hoteli, hizo huduma zipo nyingi kwenye njia ile. Passau kwenyewe mito mitatu inakutana, Danube, Inn na Ilz, na kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wameweka alama za mafuriko, ya 1501 iko juu kabisa na ya 2013 inaifuatia. Kuna Schlögen ambapo mto unapinda mpaka unakaribia kurudi ulikotoka.

Na kuna Mauthausen. Hapa naandika kwa uzito. Ukipita mtoni unaona kijiji kizuri cha zamani, maua madirishani, unaweza ukapita hivihivi. Juu yake ndo kulikuwa na kambi ya Wanazi kuanzia 1938 mpaka 1945, pale na kwenye kambi zake ndogo walifungwa watu kama 190,000 na wasiopungua 90,000 walikufa, baadhi yao kwa kubebeshwa mawe ya machimbo kwenye ngazi 186. Mimi nilipanda, mchana ule sikuendesha tena, nilitafuta pa kulala hapohapo. Vijiji vya kale vya mtoni sio mizabibu na wafalme tu, na huyo mama kama anagusa kuta basi ile ni ya kugusa pia. Lakini kweli, kwa siku mlizonazo na mtu ambaye hajaendesha miaka 10, Wachau kwanza. Shemeji mwambie Passau haihami.

Kitinda Mimba
Jamani asanteni sana, mume wangu amesoma yote na amekubali, kasema Mauthausen ataenda mwaka mwingine peke yake maana anataka muda wa kutosha pale. Swali langu la mwisho ni hivyo vivuko. Mama anaogopa vyombo vya majini, aliwahi kupata msukosuko ziwani. Hicho cha Spitz kikoje? Na aprikoti mwezi wa tano tutakuta?

Keria ya Nyuma
Maua ya aprikoti mtakuwa mmeyakosa, yanachanua mwisho wa mwezi wa tatu na wa nne, na matunda ni mwezi wa saba. Mwezi wa tano mtakuta mizabibu imeanza majani, kijani kichanga, kwenye yale matuta ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, nayo mama atayagusa mpaka achoke. Mkiona kitita cha matawi kimening'inizwa nje ya nyumba ya mkulima wa mizabibu maana yake Heuriger, yaani kilabu cha mkulima anapouza divai yake mwenyewe, imefunguliwa, ingieni mle mpumzike.

Kivuko sasa. Hakina injini ya kukivusha. Kuna waya mnene umetandazwa juu ya mto ng'ambo hadi ng'ambo, kivuko kimefungwa kwenye huo waya kwa kamba yenye roda, nahodha anakielekeza upande na mkondo wa maji wenyewe unakisukuma mpaka kinafika. Hakuna mngurumo wala mtikisiko, unasikia maji tu. Na kinafanya kazi hivyo kwa sababu Wachau mto bado unatiririka wenyewe. Sehemu kubwa ya Danube ya Austria imezibwa na mabwawa ya umeme, na hapa pia palipangwa kujengwa bwawa, wenyeji wakakataa. Mwaka 2000 bonde zima likaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mwambie mama hivyo kabla hajapanda, akijua kinavyokwenda hofu itapungua. Asimame katikati, ashike baiskeli yake, dakika chache mko ng'ambo. Na akikataa kabisa msimlazimishe, toka Melk vukeni kwa daraja mwende Emmersdorf mfuate kaskazini mwanzo mwisho, na hapo Willendorf ya Mwalimu inakuwa njiani.

Mwl wa Historia
Afadhali akatae basi 😊 natania, kivuko ni kizuri. Mkodishie mama baiskeli yenye fremu ya chini ili kupanda na kushuka kusimtese, maana atashuka mara 50, na siti ipimwe mapema asianze kurekebishiwa njiani. Kurudi kuna treni Krems kwenda Vienna, kateni na tiketi ya baiskeli.

Kitinda Mimba
Nimemsomea mama kwenye simu sasa hivi habari ya kivuko. Kauliza kama nahodha ataruhusu aguse ule waya.