Mwanafunzi kwenye bodi ya ithibati: kiti kimoja kinatosha?

Swali: Wakuu, chombo chetu cha ithibati ya vyuo kinataka kuingiza wanafunzi kwenye bodi. Mmoja au wawili? Na wapige kura?

Jibu 1: Wawili, kura kamili. Pishanisheni vipindi vyao, mmoja akihitimu mwenzake bado yupo. Kipindi cha mwaka mmoja hakifai kabisa: anaanza tu kuelewa mafaili, muda umekwisha.

Jibu 2: Msichanganye bodi na jopo la tathmini, yaani wataalamu wanaokikagua chuo. Viwango vya Ulaya vya ubora wa elimu ya juu (ESG) vya 2015, kipengele 2.4, vinataka mwanafunzi awe ndani ya jopo. Kiti cha bodi kiandikwe kwenye kanuni za chombo, si kwenye barua ya mwaliko. Barua hufa kimyakimya uongozi ukibadilika.

Jibu 3: Nani anateua? Akiteua mkuu wa chuo, mmepata msemaji wa chuo. Umoja wa wanafunzi ndio upendekeze. Shauri la chuo chake likifika mezani, atoke nje kama mjumbe mwingine yeyote. Makabrasha yamfikie wiki mbili kabla, na posho iwe ileile.

Muulizaji: Na ripoti za siri?

Jibu 3: Anasaini kiapo kilekile cha usiri, anasoma zote. Mkimficha ripoti, mmeweka pambo.