Roboti ya kukagua vizimba: mita 5 iko sawa, mita 15 inaingiza maji

MkaguziJinja
Wakuu, tunakagua nyavu na nanga za vizimba vya samaki aina ya ngege kwa roboti ndogo ya chini ya maji. Ikikaa mita 15 kwa nusu saa, mtungi wa elektroniki unaingiza maji kama kijiko cha chai. Oringi (pete za mpira za kuziba) za kifuniko nimebadilisha zote mbili, bado. Jaribio la ombwe, yaani kunyonya hewa ya mtungi kuona kama unavuja, limepita: inchi 10 za zebaki, dakika 15, mshale wa kipimo haukusogea.

FundiKebo
Oringi ziache kwanza. Maji yenyewe huzibana, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyokaza. Oringi yenye unywele au mchanga mara nyingi huvuja mapema, karibu na juu. Na hilo ombwe ni theluthi tu ya mgandamizo wa hewa. Mita 15 za maji zinasukuma mara moja na nusu. Lifanye kila kabla ya kushusha, ila usilitegemee kwa kina.

Shuku kebo. Pitisha kidole na tochi kwenye ganda lake lote, hasa linapokwaruzana na fremu ya kizimba. Tundu la ncha ya sindano linatosha: maji hupita katikati ya nyuzi za shaba kama kwenye mrija na kutokea ndani, huku gundi ya kiingilio (pale waya unapoingia mtungini) ikiwa nzima.

Toa betri na elektroniki. Kwa ndani, zungushia kila waya karatasi ya chooni. Funga, ongeza uzito maana mtungi mtupu unaelea, shusha mita 15 dakika 30. Karatasi iliyolowa itakuonyesha waya unaovuja. Ukifungua, legeza kizibo cha hewa taratibu, kifuniko kisikuelekee usoni: hewa ya ndani inaweza kuwa imebanwa.

Mama_Epoksi
Ndugu, huo waya usiufunge tepu, weka mpya. Piga msasa ganda na ndani ya kiingilio, jaza epoksi bila mapovu, acha saa 24. Mtungi wa akriliki usiuguse na spiriti, utaota nyufa nyembamba. Maji na sabuni laini yanatosha.

Hata Alvin, nyambizi ya utafiti ya Marekani, inayoshuka mita 6,500, hufunguliwa yote kila baada ya miaka kadhaa. Nyaya zako pia zifungue zote, si huo mmoja tu.

FundiKebo
Na betri ya lithiamu kama ililowa, usiichaji tena. Itoe nje, mbali na nyumba.