Mrejesho: kigari cha turbo kilichokuwa kinamisi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kigari changu cha lita 1.4, baada ya kuongezewa presha ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), kilikuwa kinamisi, yaani injini inakatakata, kila nikikanyaga mafuta kwenye gia ya juu.

Aliyesema nianze na plagi alipatia. Nafasi ya cheche ilikuwa milimita 1.0, nimeibana hadi 0.7 na misi imeisha. Presha ikipanda ndani ya silinda, cheche hupata taabu kuruka nafasi pana. Koili (zinazozipa plagi umeme) nilizotaka kubadilisha hazikuwa na kosa lolote, nashukuru mlinizuia.

Na yule aliyesema nitafute panapovuja upepo kwa maji ya sabuni, ubarikiwe. Niliingiza upepo kidogo kwenye mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), povu likachemka kwenye klampu ya chini, ile isiyoonekana mpaka uvue bampa. Klampu mpya, na ile sauti ya filimbi ya upepo uliokuwa unavuja imekoma.

Intakula kubwa niliyofunga ndiyo haijanifurahisha. Gari likikimbia ni safi, ila kwenye foleni intakula inapata joto sana, na nikitoka hapo gari ni zito kuvuta kwa muda. Kwa sasa presha nimeishusha kidogo.

Asanteni sana.