Naombeni ushauri: muvi ya midoli ya vita, marehemu wa 1939 yuko hai 1941

Kaseti_Mbovu: Wakuu habari za humu ndani. Mimi ni mtafsiri wa muvi, siyo yule mkubwa mnayemjua, mdogo tu, nawaingizia sauti wenye vibanda umiza wawili watatu huku kwetu na jamaa mmoja anauza kwenye flashi. Sasa kuna mteja anataka Puppet Master zote kwa mpangilio. Ya kwanza, ile ya 1989, nilishaimaliza zamani. Kwenye ile mzee André Toulon anayewapa uhai vikaragosi anajipiga risasi hotelini mwanzoni kabisa, na ni 1939. Haya nafungua ya tatu, ya mwaka 1991, tuko Berlin, Wanazi wanamsaka mzee awape dawa yake ya kuwapa uhai vikaragosi, na mwaka ni 1941. Toulon huyo huyo! Mzima, anawachezesha watoto onyesho. Marehemu wa miaka miwili jamani. Swali ni moja tu, nikisema kwenye sauti kwamba ni 1938 kuna tatizo? Msinitukane.

Mzee_wa_Tarehe: Tatizo lipo tena kubwa kuliko hilo unalolikimbia. Vita vilianza Septemba 1939 Ujerumani ilipoingia Poland. Na hao Wanazi wanaitaka dawa ya nini? Yule daktari Hess anatafuta namna ya kuziinua maiti za wanajeshi zikatangulie mbele kama ngao kule kwa Warusi, na Ujerumani imeivamia Urusi Juni 1941. Ukiirudisha muvi 1938 maiti za kufufua unazitoa wapi? Walioandika walikosea hesabu ya kifo, ya vita wamepatia. Wewe unataka kuvuruga hata walipopatia.

Bi_Sinia: Mimi midoli siiwezi. Kuna mwaka nilimnunulia mwanangu mdoli wa mtumba sokoni, wa kizungu, anafumba macho ukimlaza. Usiku saa nane nasikia "mama". Nikamwamsha baba watoto, naye kasikia. Kumbe tumboni ana betri imebaki kidogo na panya kamkanyaga. Mdoli aliondoka nyumbani alfajiri ile ile na sitaki kuambiwa habari za betri.

Keya_Mjukuu: Mkianza habari za vita vya Mjerumani mimi namkumbuka babu yangu, alikuwa Keya, askari wa KAR wa Mwingereza, wakapelekwa Burma 1944. Alirudi na sanduku la bati la kijani na malaria isiyoisha. Tukimuuliza aliua wangapi anasema adui yake mkubwa kule alikuwa ruba, unavua buti jioni soksi imekuwa nyekundu. Sanduku tunalo mpaka leo, bibi aliwekea unga.

Kaseti_Mbovu: Asante mkuu Keya ila tusitoke kwenye mada. 1938 ndiyo au hapana?

Kobazi_Moja: Kaka hebu subiri. Kibanda umiza gani watu wanashika miaka? Watu wamelipa jero, wanakula karanga, wanataka kuona damu. Humo ndani hakuna mtu atakayekuuliza 1939. Na wewe unavyohangaika siyo hangaiko la tarehe. Kuna kitu umekiacha, sema.

Bi_Sinia: Kweli kabisa, kuna kitu.

Kaseti_Mbovu: Haya. Ipo hivi. Kwenye ya kwanza kuna mdoli wa kike anatapika ruba, Leech Woman. Kwenye muvi hawakusema ametoka wapi, mimi nikaona pakae tupu kwa nini, nikamfanya ni mama mkwe wa Toulon. Nikampa na sauti yake. Ile sehemu anampandia yule jamaa aliyefungwa kitandani, ruba zinamtoka mdomoni, mimi naongea "mkwe wangu, mahari ulimaliza lini?" Kibanda kilianguka chini wakuu. Watu walirudia siku tatu mfululizo kwa hiyo sentensi tu.

Sasa kwenye ya tatu wanaonyesha chimbuko lake. Ni Elsa, mke wa Toulon. Wale wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wanamuua, mzee anamchukua mke wake, uhai wake anauingiza kwenye mdoli, analia. Ni sehemu ya huzuni kuliko zote. Na mimi nimeshawaambia watu ni mama mkwe.

Kobazi_Moja: 😂😂😂😂 Ndiyo maana! Tarehe ilikuwa kichaka.

Mzee_wa_Tarehe: Yaani umemfanya mtu amlilie mama mkwe wake kifuani namna ile. Aibu hii hata 1938 haiifichi.

Mnyoofu_Tz: Samahani kwa kuingilia. Mbona hakuna anayeuliza kibali? Muvi ina mwenyewe, jasho la mtu, wewe unaiongezea maneno yake yasiyokuwepo halafu unauza. Unachovuna ndicho ulichopanda. Mimi nimeacha kununua flashi za hivyo tangu nilipofikiria jambo hili kwa kina.

Kaseti_Mbovu: Mkuu Mnyoofu nakuheshimu ila hapa kijijini kuna wazee hawajui neno la Kiingereza na wameijua vita ya Berlin kupitia mimi. Na siyo kwamba nadanganya, natafsiri na kuchangamsha. Wote wanafanya. Tena Blade nimemwita Kisu na Ndoano, yule mwenye dirili kichwani nimemwita Fundi Keekee, Six-Shooter ni Mikono Sita, watu wanawaita hivyo mtaani, watoto wanaigiza. Hivyo ni vibaya?

Bi_Sinia: Fundi Keekee nimempenda.

Kobazi_Moja: Jibu swali, ya tatu umeshaanza kurekodi au bado?

Kaseti_Mbovu: Nimeanza anza.

Kobazi_Moja: Umefika wapi?

Kaseti_Mbovu: Imebaki dakika kumi. Na 1938 nimeshaitamka mara nne. Na advansi nimekula, elfu themanini. Ila kurudia siwezi kwa sababu umeme wetu mnaujua, na sauti ya Meja Kraus, yule mkubwa wa Gestapo, imenikausha koo wiki nzima.

Mzee_wa_Tarehe: Sasa ushauri uliokuja kuomba ni wa nini?

Dokta_Chai: Nimesoma uzi wote nikiwa natabasamu. Wakuu hii ni CHAI, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Zama hizi kibanda gani kinaonyesha muvi ya 1991 ya midoli, watu wakiwa na simu? Na mbona huyu Kaseti mwezi uliopita kwenye uzi wa mikopo alisema anauza chipsi? Mtu katunga stori apate vicheko, nyie mnampa historia ya Urusi.

Mnyoofu_Tz: Nilihisi.

Bi_Sinia: Eeh kumbe? Mimi nimetoa siri ya mdoli wangu bure.

Kaseti_Mbovu: Chipsi nauza mchana, sauti naingiza usiku, mtu hawezi kuwa na kazi mbili? Nimeegesha godoro ukutani, nakaa chini ya blanketi na simu na tochi, jasho linanitoka kama nimenyeshewa, halafu mtu anakuja ananiambia chai.

Dokta_Chai: Haya nikupime. Kwenye ya tatu Blade sura yake imechukuliwa kwa nani, na roho ya ndani ni ya nani?

Kaseti_Mbovu: Sura ni ya Meja Kraus mwenyewe wa Gestapo. Roho ni ya daktari Hess. Na Mikono Sita unamwona mwanzoni kabisa kwenye onyesho la watoto, anampiga risasi mdoli wa Hitler, kuna Mnazi amejificha hapo anapiga picha, ndiyo balaa linapoanzia. Ongeza swali.

Dokta_Chai: Hizo unaweza kuzisoma popote.

Mtoto_wa_Mwisho: Ngojeni. Kaseti, kwenye ile ya kwanza uliyotafsiri kuna jogoo?

Kaseti_Mbovu: …Wa jirani. Anawika pale mzee anajipiga risasi. Sikuwa na chaja ya kurudia.

Mtoto_wa_Mwisho: Wakuu siyo chai. Hiyo flashi binamu yangu anayo. Bunduki inalia, kimya, halafu kokorikooo. Sisi tulidhani ndivyo ilivyo kwenye muvi, kwamba mzungu kafa alfajiri. Na mama mkwe wa ruba tunamjua, shangazi yangu hataki atajwe wakati wa kula.

Dokta_Chai: Duh. Naomba radhi kwa ya jogoo. Kwa ya kibanda bado nina mashaka.

Keya_Mjukuu: Sasa tumsaidie basi. Mimi naona hivi, mke akiwa mkali nyumbani si huwa anataniwa "mama mkwe kaja"? Toulon alikuwa anamtania Elsa hivyo. Muwekee mstari mmoja mapema wakiwa bado wana furaha, anamwambia "haya mama mkwe, nimekuja mapema leo." Akifa, mzee analia anamwita mama mkwe ile ile. Babu yangu alimwita bibi "Afande" mpaka siku anazikwa, na alipomwita hivyo siku ya mwisho hakuna aliyecheka.

Bi_Sinia: Keya umeniliza asubuhi asubuhi.

Mzee_wa_Tarehe: Hapo nakubali. Ila 1938 uitoe. Sema "vita vilipokuwa vimechachamaa" basi, mwaka usiutaje.

Kaseti_Mbovu: Ya mama mkwe nimeichukua, leo usiku naingiza. Ya mwaka nitaangalia, zile nne ziko mbali mbali. Ila wakuu, yule jogoo amewika tena, safari hii katikati ya Berlin, Kraus anapandisha ngazi. Nilikuwa nataka kumkata.

Mtoto_wa_Mwisho: Ukimkata tutajuaje ni yako?