MREJESHO: Visawe bila kugusa majina, imekubali

Wakuu habari za jioni, wale niliowauliza jinsi ya kufanya programu ibadilishe maneno kwa visawe bila kugusa majina ya watu na sehemu, imekubali na asanteni sana aisee.

Mnakumbuka sentensi yangu "Neema alivuka na kivuko cha Kamanga" ilikuwa inatoka "Fadhila alivuka na pantoni cha Kamanga", yani mtu kabadilishwa jina na ngeli imeharibika hapohapo. Sasa majina yanafungwa kwanza, kila moja linawekewa alama kama JINA1, JINA2, visawe vinabadilishwa halafu majina yanarudishwa. Majina marefu yanafungwa kabla ya mafupi, ndo maana Jiwe la Bismarck halitoki tena "mwamba la Bismarck".

Katikati ya sentensi herufi kubwa inatosha, shida ilikua mwanzo wa sentensi maana huko kila neno lina herufi kubwa, na huku kwetu kina Neema, Baraka na Furaha wamejaa Mwanza nzima kuanzia Kirumba mpaka Igoma. Yule aliyesema niangalie kitenzi kinachofuata ubarikiwe, "Neema alishuka" huyo ni mtu, "Neema ilishuka" hiyo ni neema yenyewe, ngeli inakuambia kila kitu!

Visawe navyo nimevipanga kwa ngeli, neno linabadilishwa na la ngeli yake tu, kivuko nimekiacha kama kilivyo. Listi inapungua lakini sentensi zinasomeka. Bado "Amani ya Mwanza" inanisumbua kwa sababu haina kitenzi cha kuonyesha kama Amani ni mtu au ni amani yenyewe, mwenye wazo alete.