Tupeane uzoefu: tiba ya mikono kwa maumivu ya shingo na kiuno, Moshi na Arusha

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba kila aliyewahi kutibiwa shingo au kiuno kwa mikono, hospitalini au mtaani, atueleze kilichomsaidia na kilichomdhuru, kwa sababu hapa Moshi tuna hospitali ya KCMC inayofundisha wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, lakini wengi wetu bado tunaanzia kwa mchuaji au kwa kinyozi.

Naanza mimi. Ninashona nguo, na kuinamia cherehani tangu asubuhi kuliniletea maumivu ya kiuno yaliyoshuka hadi kwenye tako la kulia. Mtaalamu aliniuliza maswali mengi, akanitaka niiname na nijipinde huku na huku, kisha nikalala kifudifudi naye akabonyeza pingili za uti wa mgongo moja baada ya nyingine kwa ukingo wa kiganja, akisukuma na kuachia polepole. Alipogusa palipouma nikashtuka, akapunguza nguvu lakini hakuparuka. Niliposhuka kitandani niliinama vizuri kuliko nilivyoingia, ingawa nafuu ile haikufika mbali. Kilichoniponya ni zoezi la kufanya nyumbani: kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, nyonga zikibaki chini. Mikono yake ilinipunguzia maumivu kiasi cha kuliweza zoezi hilo, na kwangu hiyo ndiyo thamani yake.

Mkulima, Kibosho: Yangu ni shingo, kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani. Nilidhani mlio wa kiungo ni mfupa unaorudi mahali pake, kumbe, kwa maelezo ya mtaalamu, ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, na tiba inaweza kufaa hata pasipo mlio wowote.

Dereva, Sakina: Kinyozi mmoja alipomaliza kuninyoa alinishika kidevu na kisogo, akanigeuza shingo ghafla hadi ikalia, nami nikapata kizunguzungu jioni nzima. Daktari alinieleza kwamba ndani ya vitundu vya pingili za shingo hupita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na kwamba kuizungusha shingo ghafla kunaweza, ingawa ni nadra, kuichana mishipa hiyo na kuleta kiharusi. Tafadhali, kabla hujanyolewa mwambie kinyozi mapema kwamba shingo asiiguse.

Muuguzi mstaafu, Machame: Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali tiba ya mikono na kuchua, pamoja na elimu na mazoezi, lakini haupendekezi mikanda ya kiuno. Inaniuma kuona watu wakitoa akiba yao kununua mikanda hiyo.

Mgeni, Himo: Shikamoo mama. Mume wangu anaumwa kiuno, na tangu jana anasema mapajani kwa ndani pamekufa ganzi na mkojo hautoki vizuri. Nimwite mchuaji?

Muuguzi mstaafu, Machame: Marahaba, mwanangu. Asichuliwe na mtu yeyote. Huenda mishipa ya fahamu iliyo sehemu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na ikicheleweshwa anaweza asirudi kuwa na uwezo wa kuzuia haja. Mpeleke hospitali leo hii, na mkifika tajeni mkojo na ganzi kabla ya maumivu, maana mkisema kiuno peke yake mnaweza kuachwa kwenye foleni.